Sinki la Bwana Povu

Ukipanda njia ya mawe nyuma ya nyumba yetu, ukaacha paa za mwisho za Butimba chini yako, unafika kwenye bwawa dogo linaloitwa Bwawa la Bwana Povu. Ukisimama ukingoni unaliona ziwa lote limetandazwa kule chini, linang'aa mpaka macho yanauma, na wageni hutuuliza, watu wenye ziwa kubwa namna ile wanahangaika na kidimbwi cha nini. Jibu ni kwamba ziwa liko chini, na ng'ombe, mchicha na matofali yetu viko juu. Anayebisha apandishe ndoo.

Bwana Povu alikuwa mlowezi wa Kijerumani, wa wale wa mwanzo kabisa. Alikuja kulima pamba, akajenga nyumba juu ya kilima, akawaamuru watu wachimbe bwawa, na vita ya Wazungu ilipofika akaondoka asirudi tena. Nyumba ilibomoka, mawe yake yako kwenye misingi ya nyumba zetu. Jina lake la kweli hakuna aliyelijua. Lilibaki hilo la utani, nasi tulilielewa kwa namna yetu. Kwa watu wa siku hizi kutoa povu ni kugomba hovyo kwenye simu, kwa hiyo tuliamini alikuwa mtu wa hasira. Utotoni, mwenzetu akinuna tulimwambia ana damu ya Kijerumani.

Mwaka juzi kiangazi kilikuwa kikali, bwawa likabaki tope lililopasukapasuka kama ukoko wa ugali. Mwenyekiti wa mtaa akapita na kipaza sauti akitangaza kwamba Jumamosi kila kaya itoe mtu mmoja na jembe, tulifukue kabla ya mvua za vuli. Mimi nauza kwenye duka la dawa kule Mirongo na Jumamosi ile nilikuwa mapumziko, kwa hiyo nyumbani hapakuwa na mjadala nani aende. Bibi yangu mzaa baba akasema naye anakuja.

"Bibi, utachimba nini na miguu hiyo?"

"Sichimbi. Nakuja kuwaangalia mnavyochimba vibaya."

Akachukua kigoda chake na mwavuli, tukapanda polepole, yeye akisalimiwa shikamoo njia nzima na kuitikia marahaba bila kugeuka.

Tulichimba asubuhi yote. Kando yangu alikuwa fundi pikipiki wa kona ya kwetu, kijana mcheshi aliyeamini, kama nusu ya mkoa wetu inavyoamini, kwamba Wajerumani walifukia mali kila mahali walipopita. Kila jembe lake lilipogonga jiwe alipiga magoti na kulifuta kwa shati. Tulikuwa tumeshamcheka mpaka tumechoka, ndipo jembe lake likalia ngo, mlio ambao haukuwa wa jiwe.

Watu wote wakaacha kuchimba. Akagonga tena. Ngo.

Mwenyekiti akashuka bwawani na viatu vyake vya ofisini. "Ndugu zangu, tuelewane mapema," alisema. "Kitakachopatikana hapa ni mali ya mtaa."

"Na aliyegonga, mwenyekiti?" fundi akauliza.

"Aliyegonga ni mwananchi wa mtaa."

Sijawahi kuona watu wakichimba vile. Wazee waliokuwa wanalalamikia viuno tangu alfajiri walirusha tope kama vijana. Ukingo wa chuma ukatokea, umeviringwa, mrefu kama mtu aliyelala. Mtu akasema ni jeneza na nusu ya wachimbaji wakawa wako juu ya ukingo wa bwawa kabla hajamaliza neno. Fundi hakukimbia. Alikwangua kwa mkono, chini ya tope pakatokea rangi nyeupe inayoteleza, na upande wa nje akapapasa kitu kilichomfanya akunje uso.

"Lina miguu," alisema. "Ina kucha, kama ya simba."

Lilikuwa sinki la kuogea. Sinki zito la chuma lenye miguu minne, limejaa tope mpaka juu. Kwetu kitu cha namna hiyo tunakiita jakuzi, hata kama hakina bomba, na neno jakuzi likapita mdomo kwa mdomo kuzunguka bwawa, watu wakishikana mabega kwa kucheka.

Fundi hakukata tamaa. Alisema mtu mwenye akili angeficha mali yake humohumo ndani. Akaomba ndoo ya maji ya kulainishia tope, akaimwaga, akaingia miguu yote miwili na kuanza kuchota kwa mikono. Tope likajinyoosha. Kichwa cha kahawia kikatokea katikati ya magoti yake, kikafungua mdomo, kikapumua kama mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake.

Alikuwa kamongo. Samaki huyu bwawa likikauka hujizika kwenye tope na kulala mpaka mvua irudi, na meno yake si ya kuchezea. Fundi alitoka kwenye sinki bila kugusa ukingo, sijui alitokaje. Kamongo akatoka upande wa pili. Kwa muda kidogo wote wawili walikuwa wanakwenda upande mmoja, na fundi alidhani anafukuzwa. Nilikaa chini topeni, sikuweza kusimama, tumbo liliniuma kwa kicheko.

Aliyetuokoa ni jirani yetu Mjaluo, mama mnene mwenye sauti nzito, ambaye alikuja na gunia lake taratibu kama mtu anayeanua nguo. Alimfunika kamongo, akamkalia, akauliza, "Kuna anayemdai huyu?"

Hakuna aliyemdai. Kwetu wanawake hatumli kamongo na wanaume walikuwa bado wako mbali. "Basi Mungu awabariki," akasema, akafunga gunia.

Katikati ya vurugu hiyo sikumwona bibi akishuka. Nilipogeuka alikuwa ameshafika kwenye sinki, ameweka kiganja kwenye ukingo mweupe. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nilidhani analia, nikamkimbilia.

Alikuwa anacheka.

"Kumbe ni kweli," alisema. "Babu alikuwa akituambia, tukadhani ni pombe inasema."

"Alikuwa akiwaambia nini, bibi?"

Akakaa kwenye ukingo wa sinki na watu wakamsogelea. Babu yake, alisema, alichukuliwa akiwa kijana kuja kuchimba bwawa hili, hakuulizwa kama anataka. Bwawa lilipokwisha akabakizwa kubeba maji. Kila jioni yeye na wenzake walibeba maji kutoka hapa mpaka nyumbani kwa Mjerumani, wakayachemsha, wakayamwaga kwenye mtumbwi mweupe wenye miguu ya mnyama. Mjerumani akaingia humo na sabuni, akakaa mpaka jua linazama, na povu likamwagika mpaka mlangoni. Walimwita Povu kwa sababu hiyo. Maji yakipoa alipiga kengele, nao wakarudi bwawani. Vita ilipomwondoa, wao wenyewe wakaukokota mtumbwi ule wakauzamisha humu.

"Tulikuwa tunamcheka babu," bibi alisema. "Mtumbwi wenye miguu, nani ataamini?"

Mwenyekiti akakohoa, akasema kuna watu wa chuma chakavu kule Buzuruga, au labda tuwaulize wa makumbusho, na pengine iundwe kamati.

"Sawa," bibi akasema. "Lakini kwanza mimi nioge."

"Samahani, mama?"

"Nioge humu. Halafu uunde kamati yako."

Mwenyekiti alimtazama, akatazama sinki, akaanza kucheka naye, na hoja ikawa imepita.

Kulishusha kulitaka wanaume wa mtaa mzima. Walilifunga kamba na miti, wakaimba kama wanaopeleka bibi harusi, na penye mteremko likawaponyoka. Lilishuka lenyewe juu ya nyasi kavu kwa kishindo, mbuzi wakipisha, likasimama katikati ya shamba la mihogo la mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa amekaa nje anakunywa chai. Hakuuliza swali lolote. Alisema tu, "Karibuni."

Kesho yake, Jumapili baada ya ibada, wanawake tulizungushia sinki vitenge uani kwetu. Nilikuwa nimelisugua usiku kucha na bado lina madoa ya kutu, lakini weupe wake ulionekana. Bibi aliweka sharti moja. Maji yasitoke bombani, yatoke kwenye kisima cha chini, na kila mtu alete ndoo yake. Wakaja. Mwenyekiti alibeba ndoo kichwani akiwa na suti ya kanisani. Fundi alibeba mbili. Jirani yetu Mjaluo alikuja na sufuria kubwa lenye mvuke, akaapa kwamba halikupikiwa kamongo. Mimi nilinunua mjini chupa ya sabuni ya povu, ile ya hotelini, na kwa kuwa sikujua kipimo niliimimina yote.

Povu lilipanda. Lilipita ukingo, likapita vitenge, likatambaa uani mpaka kwenye miguu ya wanaume waliokuwa wamekaa nje wakitugeuzia mgongo kwa adabu. Tulisikia mwenyekiti akisema, "Jamani, linakuja huku." Ndani, bibi alionekana kichwa tu, kitambaa bado kimefungwa, amefumba macho.

"Ongezeni maji ya moto," akasema. Tukaongeza. "Leteni chai." Tukaleta. Vigelegele vilipigwa mpaka watu wa nyumba za juu wakajibu bila kujua wanashangilia nini.

Halafu akaniita karibu, akasema kwa sauti ya chini, "Babu hakuwahi kuingia ndani ya mtumbwi wenyewe. Aliishia ukingoni na ndoo yake." Akaniangalia. "Maji haya ni matamu, mjukuu wangu. Ningekuwa mimi ndiye Povu, ningewatesa zaidi."

Nikacheka mpaka machozi, na sikujua kama yote yalikuwa ya kicheko.

Kumtoa ndiyo ilikuwa kazi. Sinki liliteleza, bibi aliteleza, mimi niliyemshika kwapani niliteleza nikaingia na nguo zangu za kanisani, na jirani aliyekuja kutuokoa akaingia mguu mmoja, akabaki hapo kwa kicheko, hawezi kwenda mbele wala nyuma.

Mvua za vuli zilikuja, bwawa likajaa. Wakati wa kuweka kibao baadhi ya watu walitaka jina libadilishwe, liwe la waliochimba. Bibi akakataa. Alisema majina ya wachimbaji ni mengi na kibao ni kidogo, na kwamba jina la Povu ni wao waliompa, si mama yake. Likabaki. Kamati ya mwenyekiti haijakaa mpaka leo.

Sinki liko uani kwetu, chini ya mwarobaini. Mabinti wa mtaa huja kuoga humo kabla ya sherehe zao za kuagwa kwenda kuolewa, kila mmoja na ndoo zake, na siku za kawaida wanawake hupangiana zamu. Jumamosi iliyopita ilikuwa zamu ya jirani yetu Mjaluo. Aliingia mchana na redio yake. Jua lilipoanza kushuka tulimgongea sufuria kumkumbusha kwamba kuna wenzake wanasubiri, akatujibu kutoka nyuma ya vitenge kwamba yeye hatusikii vizuri, tuje baadaye.