Ufa wa Gego la Mama Mwanasha

Nzai alikuwa amechoshwa na jino moja. Miaka tisa ameziba meno katika zahanati ile ya Msambweni, na hakuna kazi iliyomrudia kama gego la Mama Mwanasha, mkulima wa mwani kutoka Kibuyuni. Aliliziba Januari, likarudi Machi. Aliliziba tena, na sasa huyo, mama yuko kitini, kashika shavu.

"Shikamoo, mama. Limeanza tena?"

"Marahaba, mwanangu. Nikinywa chai, roho yataka kutoka."

Eksirei haikuonyesha kitu. Daktari Swabir, mwenye zahanati, akaguna. "Ling'oe. Au ni wewe, dawa ya kuzibia waichanganya vibaya."

Maneno yale yalimchoma Nzai. Alizima taa ya chumba, akaweka ubavuni mwa gego kitaa chake chenye kamera na ncha nyembamba kama kalamu. Hakuchokonoa wala hakuchimba. Kwenye skrini mwanga ulipenya hadi katikati ya jino, kisha ukakatika: huku kweupe, kule giza. Pale ulipokatika ndipo penye ufa. Ulikuwa kwenye dawa tu, jino lenyewe zima, na ulikuwa palepale ulipokuwa Machi.

"Basi ziba mara ya mwisho," alisema Swabir. "Likirudi, linang'oka."

Nzai aliziba huku akihoji kwa hasira. Mifupa? Miwa? Barafu?

"Wallahi sili! Uji na wali laini, basi."

Hakumwamini hata kidogo. Alipomaliza, mama alitoa kikapuni sabuni za mwani alizomletea zawadi. Uzi wa kifurushi ulikuwa umelegea, naye akauuma kwa gego lilelile, akauvuta kwa nguvu ili kukaza fundo.

"Mama!"

"Nini tena? Nimekula nini?"

"Na huko kwenye mwani?"

"Mkono huu una kamba, huu una mwani. Fundo nilikaze na nini? Kila siku mafundo mia tatu."

Nzai alijionea haya. Mara tatu amemhoji chakula, kazi yake hakuiuliza. Akazima taa tena, akakirudisha kitaa ubavuni mwa gego. Safari hii mwanga ulipita jino zima.

"Halijapasuka, mama. Lakini fundo moja tu kwa meno, tutaling'oa."

"Alhamdulillahi. Kesho maji yanakupwa alfajiri, nina kamba kumi za kufunga."

"Utakaza na nini?"

Mama alivitazama vidole vyake, vilivyovimba na kuchanika kwa maji ya chumvi, akavikunja.