Nzula Hachagui cha Kurudisha

Ukipanda hadi ghorofa ya tatu ya jengo letu pale Luthuli Avenue, utanikuta mimi kwanza, Mama Ryan wa chaja na vifuniko vya simu. Nyuma yangu, kwenye meza ndogo kama kitanda cha mtoto, yuko Nzula. Watu hunipita bila kununua chochote, wakimkimbilia yeye na nyuso za waliofiwa. Zamani nilimwonea wivu. Siku hizi nawaonyesha tu njia.

Nzula huokoa vilivyopotea kwenye flashi, diski na memori kadi. Alianza utotoni Machakos kwa kufungua redio ya baba yake, akachapwa, na baba huyo huyo ndiye aliyekuja kumlipia chuo. Hana maneno mengi, na aliyo nayo ni makali. Mtu akimletea diski inayogonga ndani, halafu aseme ameiwasha mara ishirini aone kama imepona, humuuliza: "Mguu ukivunjika, unaukimbilia uone kama umepona?" Aliyezika flashi iliyoloa kwenye mchele huambiwa aende akaupike. Lakini sijamsikia akimdanganya mteja. Kisichowezekana hukisema palepale.

Alhamisi moja asubuhi alikuja Bramwel Were, fundi wa ngazi kutoka Kangemi, miaka hamsini na ushee, saruji imeganda kwenye kucha. Hana cheti cha chuo chochote. Cheti chake kilikuwa memori kadi ya simu, yenye picha za ngazi alizojenga kwa miaka kumi na moja. Simu ilimwambia kadi ina hitilafu, iformatiwe. Shemeji yake, mjuzi wa kila kitu duniani, akamshauri abonyeze ndiyo. Kadi ikawa tupu. Na saa nane mchana huo alikuwa akutane na Carolyne, mama anayejenga nyumba ya ghorofa nne Mountain View, aliyekwisha kusema hampi mtu kazi ya ngazi kabla ya kuona alizojenga. Fundi alikuwa amekaa miezi mitatu bila kazi ya maana.

"Baada ya kuformat, ulipiga picha zingine?" Nzula akamuuliza.

"Kidogo tu, madam. Za mchanga. Lori ilituletea mchanga mbaya."

"Ngapi?"

"Kama arobaini hivi."

Nzula alifumba macho. "Mzee, kuformat haikuwa shida sana. Picha zilikuwa bado ziko ndani, ni vile simu haikuwa inaziona. Shida ni mchanga. Kila picha ya mchanga imekalia kiti ya ngazi yako."

"Kwa hivyo zimeenda?"

"Zingine. Zenye zimebaki nitazitoa. Keti."

Kwanza alinakili kadi nzima kwenye kompyuta, kisha akaichomoa na kufanya kazi kwenye ile nakala, maana kifaa kigonjwa hakisumbuliwi mara mbili. Bramwel aliketi kwenye kiti changu bila hata kuniomba. Nilitaka kumfukuza, nikaiona tena ile saruji kwenye kucha zake, nikamwagizia chai.

Ilipogonga saa saba, picha zilianza kurudi, bila majina wala mpangilio. Fundi alizitaja moja moja kama mzazi anayeita watoto wake: ya Kawangware hiyo, ya Uthiru ile. Ya mviringo aliyojenga Kilimani, aliyoringia kuliko zote, haikurudi. Akampigia Carolyne kumwambia atachelewa kidogo. Carolyne akasema yuko mjini, atapitia hapo mwenyewe.

Mara zikatokea picha ambazo fundi hakuzitarajia. Ya kwanza ilikuwa ya ngazi ya Dagoretti, kidato kimoja kimepanda kuliko vingine, hata mimi muuza chaja niliona. Picha iliyofuata ilikuwa yake mwenyewe akiwa ameshika nyundo kubwa, ngazi ile imekuwa kifusi miguuni pake.

"Hizo toa!" alisema. "Nilizifuta kitambo, miaka tano sasa."

"Kumbe kadi haikuzifuta," Nzula akajibu. "Mimi narudisha, sichagui. Kuchagua ni yako, ukifika nyumbani."

Hakupata nafasi ya kufika nyumbani. Carolyne alitokea mlangoni akihema, akilalamika kwamba ngazi za jengo letu zitaua mtu. Alisalimia, akainama mbele ya skrini.

"Hii nayo ni nini?"

Bramwel angeweza kusema ni kazi ya fundi mwingine. Nakiri, mimi ningesema hivyo bila kupepesa macho.

"Ni yangu," alisema. "Nilipima vibaya. Hiyo ingine ni mimi naivunja."

"Mwenye nyumba ndiye alikwambia uvunje?"

"Hapana, mama. Alikuwa hajaiona."

Carolyne alitafuta mahali pa kukaa na Bramwel akamwachia kiti, kiti changu, wala hakuna aliyeniuliza.

"Fundi wa kwanza nilimpa hii kazi, picha zake zilikuwa safi zote," Carolyne alisema alipokwisha kukaa. "Mama yangu alianguka kwa hiyo ngazi yake mwezi wa tatu. Mpaka leo hatembei."

Nzula aliacha kubonyeza. Carolyne akafuta macho kwa kiganja, kisha akamgeukia Bramwel.

"Uje Jumatatu, saa moja. Na hiyo picha ya nyundo unitumie. Nataka mama aione."