Bibi Mpaka na Chumba cha Uani

Maofisa wa forodha wa nchi zote mbili walimwita Bibi Mpaka, naye hakuwahi kuwakataza. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha kupigiana simu. Aliwaketisha wawili wawili, mmoja wa huku na mmoja wa ng'ambo, wakiwa wamepeana migongo wasionane nyuso, kisha akawapa mkasa: lori la maziwa limekwama kizuizini na jua linawaka.

"Haloo, mheshimiwa, habari za huko? Familia hawajambo? Na ile mvua..."

"Maziwa yameganda!" Bibi Mpaka alimkatiza. "Sema unachotaka kabla hujavuta pumzi ya pili."

"Mwalimu, kwetu huo ni utovu wa adabu," alilalamika ofisa wa ng'ambo.

"Adabu yako mpe dereva ainywe."

Darasa likaangua kicheko.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kozi yake ya mwisho. Mwezi ukiisha angestaafu na kuirudisha nyumba ya serikali. Mumewe alikwisha kufariki, na watoto hawakujaliwa kupata. Aliyebaki ni mdogo wake wa kike, aliyeolewa ng'ambo, mwenye chumba kitupu uani. Alitaka kumwomba chumba hicho. Siku nyingi alikuwa akiishika simu na kuiweka.

Maofisa walipoagana, wakipeana namba kama watoto wa shule, alibaki yeye na viti. Akapiga.

"Hapa ni Chuo cha Forodha, idara ya mafunzo," alijikuta akisema.

"Makubwa! Dada, na mimi umenikamatia mzigo?" Mdogo wake alicheka. "Hujambo lakini?"

"Sijambo. Shemeji je? Watoto? Huko kumenyesha?"

"Wote wazima. Dada, kuna jambo?"

"Aa, nimekukumbuka tu."

"Afadhali umepiga. Kuna mwalimu mmoja anakitaka kile chumba cha uani, hanipi nafasi ya kupumua. Nimesita. Nikasema, huenda dada akakihitaji. Nimjibu nini?"

Sauti iliyomtoka Bibi Mpaka ilikuwa ya ofisini, laini, iliyopigwa pasi.

"Amua unavyoona inafaa, mdogo wangu."

"Haya. Basi nitamwambia ahamie."

"Vema. Wasalimie."

Mlinzi alichungulia mlangoni. "Mama, bado upo? Nilidhani mmekwisha kuondoka wote."

"Tumekwisha," alijibu, akaanza kuvisogeza viti ukutani, kimoja kimoja, bila haraka.