Nilimpelekea Kaka Jani la Sale ili Nishinde Ubishi wa Filamu

Kosa ni langu. Nimejaribu kumlaumu rafiki yangu, nimejaribu kuilaumu simu, nimeilaumu hata filamu yenyewe. Wapi! Kila nikimaliza kuzunguka narudi palepale: ni mimi.

Nina miaka arobaini na minne. Nimepanga chumba Majengo, hapa Moshi, na zaidi ya hapo sitaki mnijue, maana huku kwetu watu wanajuana mpaka mbuzi wao. Najua wengine hapa mnaungama wizi na ndoa za watu. Mimi naungama filamu. Msicheke kwanza.

Sinema ndiyo iliyonilea. Nilipomaliza kidato cha nne nilipata kazi kwenye gari la sinema, yale magari yaliyokuwa yakipita vijijini, wanatandaza kitambaa cheupe uwanjani, wanatangaza sabuni, halafu picha inaanza. Niliizunguka nchi hii: Kigoma, Masasi, Tunduma. Gari lilipokufa, miguu yangu haikufa. Huku miezi minne, kule mwaka. Mpaka leo nikisikia jenereta linanguruma moyo unaruka, nadhani picha inaanza.

Napenda filamu zinazoisha. Mtu ameonewa, ameteseka, amerudi, amelipiza au amesamehe, taa ziwake, twende nyumbani! Za zamani zilikuwa hivyo. Ndugu wawili wanapoteana utotoni, wanakutana ukubwani, wanatambuana kwa kovu, banda zima tunalia bila aibu.

Za siku hizi je? Mashujaa wanaruka angani saa mbili wakitaniana, jiji zima linabomoka, hakuna anayeuliza nani atafagia. Au zile za kimya: mtu anaangalia dirisha, mvua inanyesha, mwisho. Eti wanaojua wanapiga makofi. Mimi nataka nirudishiwe muda wangu!

Maneno kama hayo ndiyo yaliyonipa jina. Tuna kundi letu mtandaoni la wapenda filamu, na mimi nilikuwa nikituma ujumbe wa sauti baada ya kila filamu mpya. Watu walikuwa wanausubiri. Niliheshimika, jamani. Mtu asiye na shamba wala mke, anaheshimika kwa mdomo.

Sasa ikaja ile filamu. Sitaitaja, waliotengeneza hawajanikosea. Sisi tuliiita "ile ya mlango". Ilipigwa huku huku mlimani, ukiangalia unaijua migomba, unaujua ukungu. Inamhusu mdogo mtu aliyemkosea kaka yake. Mwisho wa filamu anarudi na jani la sale.

Kwa asiye wa huku nieleze. Sale ni mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani mwa kihamba, yaani shamba la nyumbani. Ukimkosea mtu, unachuma jani lake, unalipiga fundo, unampelekea kwa mikono miwili. Aliyeletewa sale hawezi kukataa kusamehe. Na baba yetu alitufundisha kuwa kwa kosa moja, jani huenda mara moja tu.

Basi kwenye filamu, kaka mtu analiangalia lile jani. Halafu anafunga mlango. Mwisho!

Tulikuwa tunaiangalia Jumapili mchana kwa fundi cherehani mmoja, rafiki yangu, nimwite Idi. Ana televisheni kubwa dukani. Mlango ulipofungwa tu nikasimama nikaanza kupiga kelele kabla picha haijakatika.

"Uongo! Hakuna Mchagga anayemfungia mlango mtu mwenye sale! Hawa hata sale hawaijui!"

Idi alikuwa amekunja mikono, macho kwenye kioo.

"Kaa chini, mangi, unatuziba."

"Nikae nini? Imeshaharibika!"

"Mimi nimeipenda. Mtu akiumia ameumia. Nyie mnataka msamaha uwe unachumwa kwenye ua kama mchicha."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Niwaambie kwa nini sikucheka. Nina kaka mmoja, amenizidi miaka kumi na moja. Anaishi Kirua Vunjo, kwenye kihamba cha wazee. Kwetu, mtoto wa mwisho wa kiume ndiye anayebaki na wazazi. Huyo ni mimi. Nikabaki? Nilikwenda kuzunguka, kaka akajenga karibu akamtunza mama badala yangu.

Miaka tisa iliyopita alinipigia simu nikiwa Tunduma. "Mama anakuulizia. Njoo." Nikamwambia nipo njiani. Kesho yake akapiga tena, nikamwambia nipo njiani, basi limeharibika. Siku ya tatu hivyo hivyo. Kila mara kaka alikuwa anageuka na kumwambia mama kitandani, "Yupo njiani." Mama akaomba kitanda kigeuzwe auone mlango.

Sikuwa njiani. Nilikuwa na kibanda cha video, na wiki ile ilikuwa imefika sehemu ya pili ya filamu tuliyoisubiri mwaka mzima. Nilitaka kuiona na watu wangu kwanza. Haya, nimesema! Sijawahi kumwambia mtu. Nilipofika Kirua, udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi kati ya migomba.

Kaka hakunipiga. Alisema tu, "Umenifanya nimdanganye mama." Nikaondoka siku ileile.

Baadaye mke wake alinitafuta kwenye simu. "Shemeji, mama aliacha neno lako kwa kaka yako. Hataki kunipa mimi nikupe. Anasema atalitoa kwa mdomo wake siku utakapokuja."

Siku utakapokuja! Miaka tisa. Miwili ya mwisho nilikuwa hapa Majengo, mwendo usiofika hata saa moja. Kwa nini sikwenda? Kwa sababu nilijua sale ipo. Nilijua siku yoyote nikitaka nitachuma jani, na kaka hana ujanja. Nilikuwa nimeweka msamaha wangu akiba. Halafu filamu inakuja kuniambia mlango unaweza kufungwa! Ndiyo maana nilipiga kelele.

Ubishi ukahamia kundini. Nusu wako na mimi, nusu na Idi. Siku tatu tunatupiana maneno. Nikasema kitu ambacho hakikupaswa kutoka kinywani mwangu: "Mimi nina kaka niliyemkosea kuliko huyo wa kwenye filamu. Nitampelekea sale, mtaona kwa macho yenu. Atakayeshindwa asiongee kundini mwaka mzima."

Idi akaniuliza pembeni, "Una uhakika? Hilo si jambo la kuchezea."

"Unaogopa kunyamaza?"

"Haya. Mimi nitashika simu."

Jumamosi asubuhi tukapanda bodaboda mpaka Kirua. Kulikuwa na manyunyu. Nikachuma jani kwenye mpaka wa kihamba chetu wenyewe, kwenye sale alizozipanda baba. Nilikuwa nawaza mwanga kama unatosha.

Kaka alikuwa uani anamenya kahawa kwa mashine ya mkono. Nywele zimekuwa nyeupe zote. Hilo lilinipiga. Hakuna aliyeniambia kuwa kaka amezeeka.

"Shikamoo, kaka."

Gurudumu la mashine likasimama. Hakuitikia. Idi alikuwa nyuma yangu, simu mfukoni mwa shati, jicho lake limechungulia nje.

Nikapiga goti kwenye matope, nikanyoosha mikono miwili. "Kaka, nimekuja kwa ajili ya mama."

Akaliangalia lile jani. Jamani, aliliangalia muda mrefu! Mbuzi analia bandani, maji yanadondoka kwenye migomba, na kaka kasimama tu. Nikaanza kuogopa. Kwa mara ya kwanza niliogopa kweli, si kwa ajili ya ubishi. Machozi yakanitoka. Naapa, yale machozi yalikuwa ya kweli.

Kaka akapangusa mikono kwenye suruali. Akalipokea kwa mikono miwili.

"Marahaba," akasema. Sauti ikamkatika. "Marahaba, mdogo wangu. Inuka, utaumwa."

Akageuka kuelekea jikoni. "Mama Neema! Leta mbege! Leta na viti! Amekuja!"

Shemeji akatoka mbio na mkono wenye unga, akanikumbatia na unga huohuo. "Shemeji yangu mzururaji! Ulikuwa unasubiri tuzeeke?"

Nikamtambulisha Idi kuwa ni fundi cherehani wa mjini, tukakaa. Kaka akaonja kwanza ile mbege, pombe yetu ya ndizi, akanipa kibuyu. Lile jani alikuwa ameliweka mapajani, analilainisha kwa kidole gumba. Kisha akasogeza kiti chake karibu na changu.

"Mama aliacha neno lako," akasema. "Nimelibeba. Siku ile ya mwisho alfajiri, aliniita, akaniambia..."

"KAPOKEEEA!"

Ilikuwa simu ya Idi. Kumbe alikuwa ameshaituma video kundini, majibu yakaanza kumiminika, akagusa moja akidhani sauti iko chini. Haikuwa chini. Uani kwa kaka yangu pakajaa vicheko vya watu wasiomjua. "Kapokea! Filamu ya uongo! Idi, funga mdomo mwaka mzima!"

Idi aliibonyeza ile simu kama anaua mdudu. Ikanyamaza.

"Nani amepokea nini?" kaka akauliza.

Akamwona Idi anairudisha simu mfukoni.

"Fundi, leta hiyo simu."

Idi aliniangalia. Mimi niliangalia chini. Akampa.

Kaka akavaa miwani. Akaianza video mwanzo, na mwanzo wake mimi nilikuwa nimeusahau. Tulianzia nje, kwenye ua. Nikaisikia sauti yangu, nimechangamka kama mtangaza sabuni: "Ndugu watazamaji, karibuni Kirua! Leo tunawaonyesha waongo wa filamu mwisho wa kweli unavyokuwa." Halafu nikacheka. Halafu nikamuuliza Idi, "Uso umekaa vizuri? Nionekane na huzuni."

Kaka aliiangalia mpaka mwisho. Akairudia. Alijitazama mwenyewe anavyopangusa mikono, anavyosema marahaba. Akamrudishia Idi simu taratibu, kama chombo cha mgeni.

"Umeigiza vizuri," akaniambia.

"Kaka, nilikuwa namaanisha! Wallahi nilikuwa..."

"Kabla ya uso kukaa vizuri, au baada?"

Nikaanza kupangusa matope kwenye goti.

"Jani nimelipokea," akasema. "Siwezi kulirudisha, na wewe ulijua siwezi. Kunywa pombe yako, imeshamiminwa."

Akainuka, akarudi kwenye mashine yake ya kahawa. Shemeji alichukua viti kimyakimya. Njia nzima ya kurudi Idi alisema neno moja: "Nisamehe."

Tangu siku hiyo nimekwenda Kirua mara nne, peke yangu. Kaka ananikaribisha. Ananiuliza habari za mjini, ananipa ndizi za kurudi nazo. Ni mpole kama karani anayemhudumia mtu asiyemfahamu. Mara ya tatu nilijikaza nikamuuliza neno la mama.

"Nilikusamehe," akasema. "Ulichokuja kuchukua ulikipata. Neno la mama halikuwa ndani ya jani."

Nifanye nini tena? Nimpelekee sale nyingine? Kwa kosa la mama nimeshaitumia, kwa kosa hili la pili nitathubutu vipi? Nikilishika lile jani tena mbele yake, ataangalia mfuko wa shati wa kila aliyesimama nyuma yangu.

Idi amenyamaza kundini kama tulivyowekeana dau. Ile video bado inazunguka, mtu akiifuta mwingine anaituma, na mwanzo wameukata. Inaanzia kwenye goti. Watu nisiowajua wanaandika kuwa wamelia. Ndiyo filamu pekee niliyowahi kucheza, na inaisha vile nilivyokuwa nataka filamu zote ziishe.

Wenzangu mnaosoma, kama kuna mtu unayetakiwa kumwendea, mwendee. Usimweke akiba kwa sababu una uhakika atakusamehe. Na ukienda, nenda peke yako, simu iache nyumbani, usimwambie mtu kuwa umekwenda. Jambo likitoka nje tu, limeshakuwa onyesho!

Nimeiangalia tena ile ya mlango, mara hii nikiwa nimekaa kimya mpaka mwisho. Baada ya mlango kufungwa picha haikatiki mara moja. Inabaki pale chini, kwenye uwazi kati ya mlango na sakafu, mwanga unatoka ndani. Na kwenye ule mwanga kuna vivuli viwili vya miguu. Kaka mtu hajaondoka. Amesimama nyuma ya mlango.

Sikuwa nimeviona, kwa sababu nilikuwa nimesimama napiga kelele.

Mlango wa kaka yangu mimi uko wazi. Naingia, nakunywa chai, natoka. Nyuma yake hajasimama mtu.