Ndege wa Mafunjoni

Mtaani walimwita Mama Darubini, naye hakukasirika, maana jina alilitolea jasho. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mhesabu ndege wa idara ya wanyamapori. Msituni alihesabu hondohondo kwa milio yao, mbugani akahesabu mbuni na korongo, lakini kilichomkaa moyoni ni kinamasi cha nyuma ya mji. Humo, ndani ya mafunjo yaliyosongamana, aliishi ndege mdogo mwenye kifua chekundu asiyekubali kuishi kwingine. Kwa ajili yake kinamasi kilikuwa hifadhi. Akikosekana katika hesabu tatu mfululizo, idara ingekifuta kwenye orodha na watu wakapimiwa viwanja.

Hesabu mbili zilikuwa zimeshapita. Ndege hakuonekana wala kusikika.

Mama Darubini akaingiwa na wasiwasi, na wasiwasi wenyewe ukamwangukia mkwe wake, fundi mwashi aliyeishi naye nyumba moja. Mwashi na viwanja, hebu fikiria! Tena siku hizi alikuwa akitoka mapema kupita kiasi, akirudi na matope hadi magotini. Akiulizwa, anajibu, "Nilipita kazini mara moja, mama." Kazi gani ya matofali inayomwachia mtu harufu ya majani mabichi? Akawa anampakulia chakula huku akimtazama kwa jicho la pembeni.

Binti yake akaona. "Mama, huyo ni mume wangu, si ndege."

"Ndege simshuku," akajibu.

Asubuhi ya hesabu ya tatu alimwacha mkwe atangulie, kisha akamfuata polepole. Akamkuta kinamasini, shati limelowa, panga mkononi, anakata mafunjo.

"Leo nimekukamata! Wamekuahidi nini hao wapima viwanja?"

Panga nusura limponyoke. "Wapima viwanja gani tena, mama? Nakufyekea njia, kama nilivyofanya kabla ya zile hesabu mbili. Mwaka jana ulianguka hapa, ukaumia magoti, ukalala kitandani siku tisa. Mke wangu alilia sana. Nikaona nifyeke kimya kimya, maana ukijua utakataa."

Alimchunguza usoni akitafuta uongo. Kwa kweli aliutamani uwepo, lakini hakuuona. Ndipo akatazama chini. Njia ilikuwa imenyooka, pana, imepasua mafunjo katikati hadi pale anaposimama kuhesabu. Ndege yule havuki uwazi hata wa hatua tatu. Ukimkatia mafunjo, umemfukuza. Na yeye, mjuzi wa unyoya na unyayo, alikuwa ameipita njia hiyo mara mbili akijisifu ofisini kwamba magoti yamepona.

Alikaa hapo akisikiliza hadi jua likawa utosini. Hakusikia kitu. Akatoa fomu. Penye idadi akaandika hakuna. Penye sababu, kalamu ikagoma.

"Andika mimi, mama," mkwe akasema kwa sauti ndogo. "Mimi ndiye niliyekata."

"Wewe hukujua."

Akaandika kwamba mafunjo yalikatwa ili mhesabu apite kwa raha, na kwamba mhesabu alipita, akafurahi, asiulize nani kakata. Chini akaandika jina lake kamili, akatia sahihi, akamwomba mkwe amshike mkono ainuke.