Jua la Ukumbini

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa tochi na onyo moja tu: nisimmulike mtu usoni. Ndiyo kazi ya kuongoza watazamaji, kumwonyesha mtu kiti chake gizani bila kumfanya ajione mwizi. Ukumbi ule wa michezo ya kuigiza nilikuwa nikiuona kwa nje tangu utotoni, maana Wazungu waliujengea raha zao. Uhuru ndio uliotufungulia mlango. Nyinyi wajukuu zangu mngeviona vile viti vya mahameli nyekundu! Nilikalia kimoja kwa siri, nikacheka peke yangu.

Nyumbani Kibokoni, mama hakucheka. Aliona ukumbini si pahali pa binti wa watu, akaniruhusu mpaka Ramadhani tu, kisha nirudi nyumbani nikashone kofia. Na mama akisema, amesema. Nililia, kwa kuwa kazi ile niliipenda kweli.

Mwezi wa Rajabu, akina mama wa mtaa wa Kuze wakaomba kuonyesha mchezo wao wa harusi alasiri, wanawake kwa wanawake, kama sinema zilivyokuwa na siku ya wanawake peke yao. Meneja akakubali. Kumbe katika kichumba cha taa, kule juu nyuma ya viti, mna Fundi wa Taa, naye ni mwanamume. Kiongozi wao akamwambia Meneja kwa adabu zote, "Baba, mwanamume akiwamo hata darini, sisi buibui hatuvui." Meneja akashika kichwa. Bila taa hapana mchezo.

Nikasema nitajifunza mimi. Fundi, mzee wa Majengo asiyejua kubembeleza, akanionyesha mipini ya kuongeza na kupunguza mwanga, na zile karatasi za rangi zinazowekwa mbele ya taa. Nilipoanza kwa pupa akanishika mkono.

"Huteki maji kisimani, binti. Jua halitoki kwa kishindo."

Siku ikafika. Ukumbi ukajaa udi, asumini na watoto wanaolia. Nikachungulia kidirishani, nikamwona mama safu ya mbele, kanuna. Yule kiongozi alikuwa amemburura. Mchezo ulipofika penye alfajiri ya bibi harusi, nikausukuma mpini polepole, rangi ya chungwa kwanza, kisha manjano. Vikapanda vigelegele, wallahi, mpaka nikasahau kuzima.

Njiani mama akatangulia mbele, mimi nyuma. Tulipofika kwa majirani waliotoka ukumbini akasimama mlangoni, akaninyooshea kidole. "Jua lile mwaliliona? Alolitoa ni huyu mwanangu."

Ramadhani ikaingia, nikairudisha tochi kwa Meneja kama nilivyoahidi, nikashona kofia mwezi mzima.

Nilistaafu nikiwa Fundi wa Taa, na nimewafundisha wengi, wake kwa waume. Siku hizi mwanga hubonyezwa kwa kidole, na mimi sina kinyongo. Lakini watu wakiniuliza nani aliniajiri, Meneja simtaji. Nawatajia asubuhi ile Idi ilipokwisha, nami nimekaa na sindano yangu, mama akaja na buibui langu mkononi.

"Wafanyani hapa? Jua atalitoa nani?"