Santuri Niliyoipiga Msumari

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa kiti, kitambaa laini cha pamba na onyo. Aliyenikabidhi ni Mkuu wa Maktaba ya Santuri katika kituo kidogo cha redio hapa Tanga, upande wa Usagara. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo mama yangu aliyaita "ya kuridhisha" ili majirani wasiulize zaidi. Mkuu aliniangalia masikio kama mnunuzi anavyomwangalia mbuzi meno, akasema:

"Hatibu, hapa hatusikilizi muziki. Hapa tunasikiliza makosa."

Nyinyi mnaobonyeza simu wimbo ukaja wenyewe, nawaeleza. Santuri ni sahani nyeusi yenye mfereji mmoja mwembamba unaozunguka kutoka ukingoni hadi karibu na katikati. Sindano ya mashine hupita humo na kuutoa mlio. Kila santuri iliyoingia kituoni ilisikilizwa yote, pande zote mbili, kabla haijapandishwa rafuni. Kisha msikilizaji, ndiye mimi, alijaza kadi na kuandika hali yake: safi, ina mikwaruzo, au mbovu. Mkuu alikuwa na amri moja aliyoirudia kama dua: "Kalamu isishuke mpaka sindano ifike mwisho."

Iliyoandikwa mbovu ilipigwa msumari. Mkuu alitoa msumari wa inchi tatu mezani kwake, akaukokota juu ya sahani toka ukingoni hadi kwenye lebo, ili pasiwe na mtu wa kuitamani tena wala kuipeleka nyumbani. Halafu msikilizaji aliiweka tena mashineni kuhakikisha. Ukisikia tk, tk, tk kila sahani ikizunguka, kazi imekwisha, unaenda kuifukia kwenye shimo nyuma ya jengo.

Kazi hiyo ilinifaa mno. Mimi ni mtu wa nyumbani. Naweza kumaliza mwaka sijafika Pongwe, hapo nje ya mji tu, na nisijute. Kazi ya kukaa kitini, mlango umefungwa, hakuna anayekusemesha, nani angeifurahia kuliko mimi? Ila ina ugonjwa wake. Ukilipwa kwa kutafuta makosa, unayaona hata pasipo makosa. Mke wangu Mwanaidi akiniita "Baba Rehema" kwa sauti ya upole, mimi nashuku kuna sufuria imeungua.

Mwaka wangu wa tatu likaja kasha. Fundi mmoja wa kizungu, aliyekuwa kwenye shamba la mkonge upande wa Pongwe, alikuwa anarudi kwao akatuachia santuri zake. Zote jazz. Mkuu akafurahi, maana sisi watu wa Tanga jazz tuliijua: ni bendi zetu, magitaa, watu wanacheza harusini. Hii ilikuwa nyingine. Mpiga ngoma anakimbilia kwake, mpiga tarumbeta kwake, kama watu waliotawanywa na nyuki. Nyingine zilikuwa muziki wa majaribio: mtu anagonga piano mara moja, kisha kimya, mpaka unahisi ameitwa kula. Nikashuku mashine. Nikabadilisha sindano. Nikashuku Fundi Mitambo wa kituo ananifanyia mzaha. Nikashuku hata yule Mzungu, kwamba ametuachia takataka zake tuzifukie.

Moja ya mwisho haikuwa na jalada wala maandishi, lebo yake nyeupe tupu. Nikaweka sindano. Mngurumo wa mashine kubwa. Mngurumo tu, dakika ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha kimya. Ilikuwa saa saba kasoro, na asubuhi Mwanaidi alikuwa amenitajia pweza wa nazi. Nikanyanyua sindano, nikaandika MBOVU, nikaenda kula.

Mchana Mkuu akaipiga msumari. Nikaiweka mashineni kuhakikisha, na kwa uvivu nikateremsha sindano mbele kidogo ya pale nilipoachia. Tk. Saksafoni ikaingia. Tk. Iliingia polepole, ikaujibu ule mngurumo, ikaubishia, ikaufuata ulipopanda, ikabaki peke yake uliposhuka. Nilisimama na kitambaa mkononi hadi sindano ikafika mwisho. Sikuwa nimesikia kitu kama kile, na nilikuwa nimekiua kwa ajili ya pweza.

Ningemwambia Mkuu. Badala yake niliifunga santuri kwenye gazeti nikaenda nayo nyumbani, Nguvumali. Shimoni nilifukia jalada tupu la santuri nyingine. Kutoa mali ya kituo kulikuwa kufukuzwa kazi, basi nikajifunza kutembea kama mtu asiye na gazeti kwapani.

Ile ndiyo iliyonifundisha kusikiliza. Nililirudia kasha zima, kwanza kwa nia ya kuwakamata wale wapigaji wakikosea. Sikuwakamata. Kila nilipodhani mtu kapotea njia, mbele nilimkuta ananingoja. Nikaanza kukusanya zangu: kwa wamishonari waliokuwa wanahama, kwa jamaa aliyezitumia kufunikia mitungi. Mkuu wa Kituo aliniruhusu niirushe moja hewani, kisha akaja mbio.

"Hatibu! Watu wanauliza kama studio imevamiwa."

"Ni jazz, mkuu."

"Jazz ya nani? Jazz naijua mimi, mke wangu nimempatia humo!"

Mkuu wa Maktaba alipostaafu, kiti chake nikakikalia mimi. Msumari niliutupa. Ndipo akahamishiwa kwetu Stella, mtunza kumbukumbu. Wazazi wake waliteremka kutoka milimani kuja kukata mkonge, naye akazaliwa kambini. Siku ya kwanza tu akavuta kiti.

"Kaka Hatibu, baba yangu alijifunza tarumbeta kanisani, kwa Walutheri, halafu akahamia saksafoni. Wakati wa mapumziko alikuwa anapiga kando ya mashine ya mkonge. Fundi wa kizungu alimrekodi. Santuri moja tu, na ilikuja hapa na kasha lake."

"Makasha yalikuwa mengi," nikasema. Lilikuwa moja.

"Nani alikuwa msikilizaji?"

"Tulikuwa tunapokezana." Nilikuwa peke yangu, Jumatatu hadi Jumamosi.

"Baba amefariki, na sauti yake sina pengine pa kuipata," akasema. "Nitaitafuta."

Alitafuta rafu kwa rafu, kila siku wakati wa chakula. Wiki ya pili akaacha ghafla, na hapo ndipo nilipoogopa. Anayetafuta akiacha, ama amekata tamaa ama amepata. Akaanza kuniamkia kwa adabu nyingi. Akitoka likizo kwao Lushoto, kule milimani, ananiletea matunda. Nilimpa Mwanaidi aonje kwanza.

Wafanyakazi nao wakapata wa kumshuku. Wakasema Mkuu wa Maktaba wa zamani ndiye aliyeichukua, "yule mzee na msumari wake, nani ajuaye alikuwa anapeleka nini kwake." Yalisemwa mbele yangu kwenye chai. Nilikoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha yeyuka zamani. Mzee yule alifariki uvumi ukiwa bado juu yake.

Zikaja kanda, zikaja kompyuta, na mimi nikastaafu. Kwenye hafla ya kuniaga Stella alisimama, akasema, "Kaka Hatibu ana masikio safi. Mdomo ndio wenye mikwaruzo." Watu wakacheka. Mimi nilipiga makofi kabla ya wakati.

Nyumbani nikawa napiga ile santuri kila Ijumaa baada ya swala. Mwanaidi alivumilia miezi.

"Baba Rehema, hiyo inachinjwa au inaimba?"

"Inaimba."

"Mbona ikifika hapo unapangusa macho? Ni ya mwanamke gani?"

Nikamweleza yote, na pweza wake nikamtaja. Hakunifokea. Alichukua simu yangu, akatafuta jina la Stella, akapiga, akanipa. "Pweza nilipika mimi," akasema, "uongo umepika mwenyewe. Mwite mwenye mali."

Stella alikuja kesho yake alasiri. Akavua viatu, akamwamkia Mwanaidi shikamoo, akakaa. Nilikuwa nimepanga maneno, yakanitoka yote mara moja, bila mpangilio. Yeye akafungua mkoba, akaweka kadi mezani: lebo nyeupe tupu, mngurumo wa mashine. MBOVU. Mwandiko wangu, ile B yenye tumbo kama langu la leo.

"Umeipata lini?"

"Ile wiki ya pili."

"Na ukanyamaza miaka yote hii?"

"Kadi inasema imepigwa msumari ikafukiwa, kaka. Nilikuwa namngoja aliyemzika baba yangu aniambie mwenyewe." Akaisukuma kadi upande wangu. "Sikujua kuwa uko naye nyumbani."

Nikateremsha sindano. Tk. Mngurumo ukaja, dakika ya kwanza, ya pili, ya tatu, na nilimwona Stella akiinua kichwa kama mtu aliyesikia lango la nyumbani kwao. Kimya. Kisha saksafoni. Alikaa hivyo hivyo, mikono mapajani. Katikati akasema, "Hiyo pumzi. Alikuwa anaivuta hivyo kabla ya wimbo kanisani." Upande ulipokwisha nikanyoosha mkono nizime.

"Wa pili," akasema. "Amri si ilikuwa hiyo?"

Tulisikiliza wa pili hadi mwisho. Akageuza kadi, akanipa kalamu. Nikaandika: Hali, safi. Mkwaruzo mmoja, wa msikilizaji. Stella akasoma, akanirudishia.

"Ongeza jina lako, lote. Marehemu Mkuu tulimshuku bure, na kesho kadi hii naipeleka kituoni ikabandikwe."

Nikaandika jina langu na la baba na la babu. Mwanaidi akaifunga santuri kwenye kanga. Stella alipofika mlangoni akageuka.

"Ijumaa nitakuja nayo. Mashine sina."

Basi huja kila Ijumaa. Nashuku maandazi ya Mwanaidi nayo yanamvuta, lakini mtu aliyeshuku maisha yake yote hawezi kuacha siku moja. Watu huniuliza kazi ile ilinifunza nini, nami sina la kujigamba: nilisikiliza maelfu ya pande, nikakosea mmoja, na ndio ninaoukumbuka. Nikisikia tk ya kwanza nanyamaza. Kalamu huwa naiacha chumbani.